Vimelea vya Rejea: Jinsi ya Kuviagiza, Kuvipokea na Kuvitunza Ukiwa Tabora

Daktari wa wodi ya watoto akiletewa majibu kwamba gentamisini bado inaua bakteria waliokutwa kwenye damu ya mtoto mchanga, anaandika gentamisini. Hana sababu ya kusita. Lakini majibu hayo yametoka kwenye sahani ya agari iliyomwagwa kwa mkono, ikawekewa diski za dawa zilizotoka kwenye jokofu ambalo juzi lilikaa bila umeme, kisha ikapimwa kwa rula. Agari ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, dawa huonekana kali kuliko ilivyo. Diski zikiwa zimeharibika, dawa nzima huonekana imeshindwa. Hakuna aliyedanganya, na bado karatasi inayopelekwa wodini inasema uongo.

Kinga dhidi ya uongo huo ni kupima, sambamba na sahani za wagonjwa, sahani ya bakteria ambaye majibu yake yanajulikana. Akitoa majibu yale yale, kazi ya siku hiyo inaaminika. Akitoa mengine, majibu ya wagonjwa yanazuiwa mpaka kosa lipatikane. Huyo ndiye kimelea cha rejea. Bila yeye, mapambano dhidi ya usugu wa vimelea kwa dawa, ambao Wizara ya Afya inauita UVIDA, yanapiganwa gizani.

Naandika nikiwa Gongoni, Manispaa ya Tabora, kwa ajili ya wateknolojia wa maabara, watafiti vijana na wanafunzi wa kanda hii ya magharibi. Kuwa mbali na bandari hakumzuii mtu kuwa na vimelea vya rejea vilivyo safi. Kinachotakiwa ni utaratibu, na utaratibu wenyewe unafundishika.

1. Jua benki unazoweza kuagiza kutoka kwazo

Kama zilivyo benki za damu na za mbegu, kuna benki za vimelea na seli. Kazi yake ni kupokea vimelea kutoka kwa waliovigundua, kuvithibitisha, kuvipa namba, kuvihifadhi kwa miongo mingi na kuvitoa kwa maabara zinazovihitaji, pamoja na cheti kinachoeleza kila kimelea ni nani na kimetoka wapi. Ya kwanza iliyotoa huduma kwa watu wote ilianzishwa na František Král mjini Prague mwaka 1890. Uingereza ina NCTC tangu 1920. Marekani ina ATCC tangu 1925, na leo iko Manassas, Virginia. Ujerumani ina DSMZ tangu 1969. Kwa watafiti wa malaria, kifua kikuu na magonjwa mengine ya kuambukiza ipo BEI Resources, iliyoanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2003, ambayo imekuwa ikiwapa watafiti waliosajiliwa vimelea bila kuwatoza bei ya kimelea chenyewe.

Afrika ya Mashariki nayo ina hazina zake. ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ina hifadhi kubwa ya sampuli iitwayo Azizi. Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, kina kituo cha MIRCEN kinachotunza bakteria wa vinundu vya mizizi ya kunde, na kutokana na kazi yake wakulima wamepata Biofix, unga wa bakteria unaopakwa mbegu za soya na maharage. Lilongwe, Malawi, hutengenezwa chanjo ya ndigana kali kutokana na vimelea hai vya mchanganyiko wa Muguga, uliobuniwa na watafiti wa Muguga nchini Kenya. Kabla ya kuandika barua kwenda ng'ambo, uliza kwanza kama unachohitaji kiko jirani.

Jambo moja huwapotezea watu fedha. Nasaba ileile ya bakteria inaweza kukaa katika benki kadhaa, kila benki ikiipa namba yake. Escherichia coli anayeitwa ATCC 25922 kule Marekani ndiye NCTC 12241 kule Uingereza, na ndiye DSM 1103 kule Ujerumani. Mwongozo ukitaja namba ya Marekani, hulazimiki kununua Marekani. Linganisha bei, nauli na muda, kisha chagua njia iliyo nafuu.

2. Anza na wanne tu

Orodha za benki hizi zina maelfu ya vimelea. Maabara ya hospitali ya mkoa inayoanza kupima usugu kwa diski ianze na wanne, iwamudu, ndipo iongeze.

Wa kwanza ni E. coli ATCC 25922, wa kudhibiti dawa za bakteria wengi wa tumbo na mkojo. Wa pili ni Staphylococcus aureus ATCC 25923, wa vipimo vya diski. Usimchanganye na ATCC 29213, ambaye hutumika unapopima kiwango cha chini cha dawa kinachozuia bakteria. Wa tatu ni Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853. Wa nne ni Klebsiella pneumoniae ATCC 700603, ambaye hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja sefalosporini, na ndiye anayekuonyesha kama kipimo chako kinaweza kukamata usugu wa namna hiyo.

Huyu wa nne ana tabia inayotaka uangalizi. Usugu wake umebebwa na plasmidi, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na akihifadhiwa vibaya au akioteshwa tena na tena anaweza kukipoteza. Utabaki na Klebsiella mwenye jina lilelile asiye na kile ulichomnunulia. Ukiona majibu yake yameanza kulegea, usiilaumu diski peke yake. Fungua kichupa kingine cha akiba umpime upya.

3. Makaratasi kabla ya malipo

Mizigo mingi hufia uwanja wa ndege kwa sababu mtu alilipa kwanza akatafuta vibali baadaye. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, uliza kiwango cha usalama wa kibayolojia kinachotakiwa kwa kimelea hicho, ulinganishe na maabara yako ilivyo kweli, si ilivyoandikwa kwenye ripoti. E. coli 25922 ni mpole. Kimelea cha kifua kikuu kama H37Rv ni habari nyingine kabisa, na maabara isiyo na chumba na kabati la usalama vinavyostahili haina haki ya kukiagiza.

Pili, tafuta kibali cha kuingiza. Kwa vimelea vya magonjwa ya binadamu anza na Wizara ya Afya na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa vya mifugo, wizara yenye dhamana ya mifugo. Kwa vimelea vya mimea na vile vya udongo vinavyotumika shambani, TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kikiwa kimebadilishwa vinasaba, masuala ya usalama wake yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Utafiti wenyewe nao una kibali chake cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, au cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kulingana na aina yake. Peleka maombi mapema, ukiambatanisha jina kamili la kimelea, namba yake ya benki, idadi ya vichupa na matumizi.

Tatu, soma mkataba wa kuhamisha vimelea mpaka mstari wa mwisho. Mikataba mingi inakataza kumgawia mtu wa tatu, na kumpa jirani kichupa kimoja kwa nia njema ni kuvunja ahadi uliyotia saini. Kama maabara tatu za mji mmoja zinahitaji bakteria walewale, dawa ni kuagiza kwa pamoja: kila moja inanunua kichupa chake na kusaini mkataba wake, zikigawana nauli na gharama za wakala. Tabora tuna hospitali ya rufaa ya Kitete, tuna kituo cha NIMR, tuna maabara ya mifugo ya TVLA na tuna watafiti wa kilimo wa Tumbi. Mzigo mmoja kwa mwaka ungeweza kutuhudumia wote.

4. Njia ya kutoka pwani mpaka hapa

Tabora haijaanza leo kupokea bidhaa za mbali. Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa ndipo ikagawanyika, wengine wakishika njia ya Ujiji, wengine ya Karagwe na Buganda. Reli ikafika 1912. Bidhaa ya leo ni ndogo, inaenea kiganjani, lakini inapita mikono mingi: benki, shirika la ndege, forodha, wakala, gari la kuja bara, mlinzi wa getini kwako. Panga safari yake ukiwafikiria wote hao.

Agiza bakteria waliokaushwa kwa baridi, wakiwa kwenye kichupa cha kioo au kwenye vijiti na vitanzi vinavyouzwa tayari, mfano KWIK-STIK na Culti-Loops. Bakteria mkavu husafiri bila barafu na huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida. Vitu vinavyohitaji barafu kavu, ambayo ni baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, usiviagize mpaka uwe na uhakika wa mtu wa kuongeza barafu mzigo ukikwama Dar es Salaam. Barafu kavu hugeuka hewa na kutoweka, na kisanduku kinachofika kikiwa chepesi na cha uvuguvugu kimefika na maiti.

Hakikisha ufungashaji ni wa tabaka tatu: kichupa kisichovuja, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya, na kisanduku kigumu cha nje. Vimelea vya kundi B hubeba alama yenye umbo la almasi iliyoandikwa UN 3373, na vya kundi A, vilivyo hatari zaidi, hubeba UN 2814. Mzigo wa namna hii haupandishwi basi la abiria kama begi la nguo.

Mpigie wakala wako wa forodha kabla ndege haijatua, tena kwa maneno yasiyoacha mwanya: "Kaka, ndani kuna bakteria wakavu kwenye vichupa vya kioo. Si dawa ya kutibu na si chakula. Vibali nimekutumia. Usiruhusu kifunguliwe nje ya maabara, usikiache juani, na kikikwama hata usiku nipigie palepale." Panga mzigo utumwe siku ambayo hautafika Ijumaa jioni wala mkesha wa sikukuu.

5. Siku ya kufungua

Mzigo ukifika, andika kwenye rejista kabla ya kuugusa zaidi: tarehe, hali ya kisanduku, namba ya benki, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na jina la aliyepokea. Kichupa kiingie kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 mpaka siku ya kazi. Usikifungue kwa shauku. Kifungue siku ambayo mchuzi wa lishe upo, agari ipo, gliseroli ipo, vichupa vya akiba vipo na umeme umetulia.

Fuata karatasi ya maelekezo ya benki husika, maana vichupa vinatofautiana. Kwa kawaida hatua ni hizi. Futa kioo kwa spiriti ya asilimia 70, kikate ndani ya kabati la usalama ukiwa umekifunika kwa shashi safi, kisha tia nusu mililita ya mchuzi wa lishe na pipeti tasa. Zungusha taratibu mpaka unga uyeyuke. Hamishia kwenye chupa yenye mililita 5 za mchuzi, na matone machache yapeleke kwenye agari ya damu. Otesha kwenye nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 24. Bakteria aliyekaushwa huamka polepole, kwa hiyo usimzike kabla ya saa 48.

Sasa mkague kama mgeni asiyejulikana. Sahani iwe na makoloni ya namna moja tu. Piga rangi ya Gram. E. coli kwenye agari ya MacConkey awe wa waridi, oksidasi hasi, indoli chanya. S. aureus awe katalasi chanya na koagulasi chanya. Pseudomonas awe oksidasi chanya, na mara nyingi utaiona rangi yake ya kijani ikisambaa kwenye agari. Ukiona koloni moja isiyofanana na wenzake, usigandishe kitu. Chukua koloni moja safi, otesha upya, kagua tena. Uchafu ukiingia kwenye akiba mama utaishi humo miaka yote utakayoitumia.

6. Hesabu vizazi

Hapa ndipo maabara nyingi huanguka, tena polepole bila kujua. Bakteria akioteshwa leo, kesho akahamishwa, wiki ijayo tena, mwaka ukipita si yule aliyekuja. Amezoea maisha ya sahani, amepoteza vingine, pengine amechanganyika. Kanuni inayoheshimiwa ni kutovuka vizazi vitano kutoka kwenye kimelea halisi cha benki.

Mfano mzuri upo Uganda. Virusi vya Zika viligunduliwa 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, kutoka kwa kima wa utafiti aliyekuwa na namba 766, na nasaba hiyo ikaitwa MR 766. Kwa miaka mingi ilihifadhiwa kwa kuhamishwa kutoka ubongo wa kichanga cha panya mmoja hadi wa mwingine, zaidi ya mara 100. Ugonjwa ulipolipuka Amerika ya Kusini mwaka 2015 na dunia ikaigeukia nasaba hiyo, watafiti walikuta baadhi ya akiba zake zimepoteza sehemu ya protini ya ganda la nje. Jina lilikuwa lilelile, ila kirusi kilikuwa kimebadilika.

Ili usifike huko, panga vizazi hivi. Kizazi cha kwanza ni sahani iliyotoka moja kwa moja kwenye kichupa cha benki. Cha pili ndicho unachogandisha: hiyo ndiyo akiba mama. Cha tatu ni sahani ya kazi, inayotolewa kwenye akiba mama mara moja kwa mwezi. Cha nne ni sahani za kila wiki. Mwisho wa mwezi zote zinaenda otoklevu, na kichupa kipya kinatoka kwenye friza. Kama ulinunua kijiti kilichotayarishwa, soma cheti chake uone kimeshatumia vizazi vingapi kabla ya kukufikia, uviingize kwenye hesabu.

Kutengeneza akiba mama hakuhitaji mtambo. Changanya mililita 80 za mchuzi wa lishe na 20 za gliseroli. Gliseroli ni nzito na hung'ang'ania kwenye pipeti, hivyo ni sahihi zaidi kupima gramu 25 kwenye mizani. Mchanganyiko huo uchemshe kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15, upoe. Kusanya bakteria wengi wa sahani changa ya usiku mmoja, wakoroge humo mpaka mchuzi uwe mzito kama maziwa, gawa nusu mililita kwa kila kichupa. Tengeneza vichupa 24: 12 vya miezi ya mwaka, 6 vya dharura, na 6 vikae kwenye friza nyingine, ikiwezekana jengo jingine. Kila kichupa kiandikwe kwa kalamu isiyofutika na baridi: jina, namba ya benki, kizazi, tarehe, herufi za aliyetengeneza. Kilichoyeyuka hakirudishwi kwenye friza.

7. Soma duara, usilikadirie

Bakteria yuko tayari. Sasa afanye kazi. Tengeneza mchanganyiko wenye uzito wa 0.5 McFarland, yaani takribani bakteria milioni 150 kwa mililita, na uutumie ndani ya dakika 15. Agari ya Mueller-Hinton iwe na kina cha milimita 4. Kwa sahani ya milimita 90 hiyo ni mililita 25. Usikisie. Pima maji kwenye sahani tupu mara moja uone kiasi hicho kinafika wapi. Otesha kwenye nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18.

Kwa jedwali la CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara, E. coli 25922 akikutana na diski ya gentamisini ya mikrogramu 10 lazima atoe duara la milimita 19 hadi 26. Kwa seftriaksoni ya mikrogramu 30, ni 29 hadi 35. S. aureus 25923 kwa sefoksitini ya mikrogramu 30, ni 23 hadi 29. Klebsiella 700603 kwa seftazidimu yenye asidi ya klavulani lazima atoe duara linalozidi la seftazidimu peke yake kwa milimita 5 au zaidi. Majedwali hurekebishwa kila mwaka, kwa hiyo tumia toleo jipya unaloweza kupata na uandike ukutani ni la mwaka gani.

Duara likitoka nje ya mipaka, lenyewe hukuelekeza pa kutafuta. Madawa yote yakitoa duara kubwa mno, shuku mchanganyiko mwepesi au agari nyembamba. Yote yakitoa dogo mno, shuku mchanganyiko mzito au agari nene. Gentamisini peke yake ikienda kombo, kagua agari: kalsiamu na magnesiamu zikizidi, au agari ikiwa na tindikali, duara la gentamisini husinyaa. Pima pH, iwe kati ya 7.2 na 7.4. Diski ya dawa moja ya jamii ya penisilini au sefalosporini ikitoa duara dogo huku nyingine ziko sawa, huenda diski hiyo imeliwa na joto au unyevu. Kopo la diski likitoka jokofuni lisifunguliwe mpaka lipate joto la chumba, vinginevyo umande utaingia ndani.

Anza kwa kupima kila siku. Ukifanya siku 20 mfululizo na kwa kila dawa usipate zaidi ya jibu moja nje ya mipaka, unaweza kwenda mara moja kwa wiki. Likitokea kosa, rudi nyuma ulitafute. Majibu yote yaandikwe, mabaya kwa mazuri. Rejista isiyo na kosa hata moja kwa mwaka mzima haimshawishi mkaguzi anayejua kazi.

8. Umeme ukikatika

Akiba mama hudumu miaka ikiwa nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi. Maabara nyingi za bara zina friza ya nyuzi 20 tu. Inafaa kwa muda mfupi, ila akiba iliyomo ipimwe kila baada ya miezi michache na ibadilishwe mapema, na yule Klebsiella asikae humo. Friza isiyeyushe barafu yenyewe, kwa sababu friza za namna hiyo hupasha joto ndani kila siku na kuua bakteria kidogo kidogo.

Weka vichupa katikati ya friza, vikizungukwa na vifuko vya maji yaliyogandishwa. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Bandika karatasi mlangoni inayosema hivyo, kwa Kiswahili, kwa ajili ya kila mtu wa zamu. Weka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu kilichofikiwa. Na ukinunua kichupa cha pili cha benki, usikifungue; kitunze kikavu kwenye jokofu la kawaida. Bakteria mkavu huvumilia siku mbaya ambayo aliyegandishwa haivumilii.

9. Seli ni kazi nyingine

Watafiti vijana huniuliza kuhusu seli za binadamu na wanyama zinazooteshwa maabara. Benki zilezile hutoa pia nasaba za seli: HeLa, iliyotokana na Henrietta Lacks wa Baltimore mwaka 1951, Vero, iliyoanzishwa Japani mwaka 1962 kutokana na figo ya tumbili wa Kiafrika, na nasaba za EB, zilizooteshwa London mnamo 1964 kutokana na uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ambamo virusi vya Epstein-Barr vilionekana kwa mara ya kwanza.

Ushauri wangu ni wazi. Kama huna uhakika wa naitrojeni kimiminika mwaka mzima, usianze. Seli huhifadhiwa karibu na nyuzi 196 chini ya sifuri, na tenki likikauka hakuna cha kuokoa. Ushirikiane na maabara iliyo na huduma hiyo. Ukianza, nunua kwenye benki, usichukue chupa kwa rafiki. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba nasaba nyingi zilizodhaniwa ni tofauti zilikuwa HeLa tupu, na mpaka leo kuna orodha ya kimataifa ya nasaba zilizopewa majina yasiyo yake, inayotunzwa na ICLAC. Isome kabla ya kuagiza. Seli zikifika zitenge, zipime mycoplasma, bakteria wadogo wasioonekana kwa darubini ya kawaida ambao hubadilisha majibu bila kuchafua mchuzi.

10. Tutunze na vya kwetu

Mwaka 1953, katika mlipuko wa homa na maumivu ya viungo uliowakumba watu wa nyanda za Wamakonde huko Newala, R. W. Ross alitenga kirusi cha chikungunya. Nasaba ya Ross inatumika leo duniani kote, na mtafiti wa Kitanzania anayeihitaji huandikia benki ya ng'ambo. Hatuwezi kubadilisha historia hiyo. Tunachoweza ni kutorudia hasara yake kwa vimelea tunavyovikuta leo kwenye damu, maji na udongo wa Tabora.

Bakteria sugu wa ajabu ukimpata, mgandishe kwa njia ileile ya akiba mama na umpe jina lenye habari. Watafiti wa malale wa EATRO, Tororo, walitupa mfano mzuri: nasaba ya GPAL/KE/70/EATRO 1534, ambayo uzao wake ndio uliosomwa vinasaba vyote na matokeo kuchapishwa 2005. Kwa herufi chache unajua ilitoka kwa mbung'o wa Glossina pallidipes, Kenya, 1970, na namba yake kwenye daftari. Wewe nawe andika chanzo, mahali, mwaka na namba, bila jina la mgonjwa. Nakala ipeleke kwenye maabara ya taifa. Ukitaka kupeleka nje, mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali vitangulie, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inakupa msingi wa kudai kwamba faida irudi pia kwa nchi iliyotoa.

Ukiwa msimamizi wa maabara katika mkoa huu, fanya mambo matatu mwezi huu: fungua friza uhesabu kizazi cha kila bakteria wa rejea uliye naye, tupa asiyejulikana kizazi chake, na waandikie wenzako wa mjini muagize kwa pamoja. Majibu ya maabara yasiyo na kimelea cha rejea nyuma yake ni makisio, na mgonjwa hakuja hospitali kukisiwa.